Vijiti vya Reli

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema nisije nikajikosha huko mbele. Ni mimi niliyewaambia wapima reli wakate mti wa omulamula.

Enzi hizo za ujamaa nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima karibu na Muleba. Wapima walikuja kutafuta njia ya reli itokayo mpakani mwa Uganda, ipite Bukoba, ifike kwetu. Walisema treni yenyewe itakwenda kwa umeme, na sisi tuliosoma kwa kibatari tukaitikia kwa heshima. Nilikuwa mkalimani wao. Walipofika kwenye kibanja, shamba la migomba la mama yangu, mjane, vigingi viliwaishia na gari la kuleta vingine lilikuwa Bukoba. Nikajitia ujuaji: si kuna omulamula uani? Kateni, mti mwepesi huo.

Walivichomeka vijiti kwenye migomba ya mama, kimoja ukingoni kabisa mwa kaburi la baba, wakaendelea navyo ng'ambo ya njia.

"Mwanangu, unatupandia mpaka," mama aliniambia polepole.

Kwetu omulamula ndio mpaka wa shamba. Ukichomekwa ukashika, hakuna anayethubutu kuung'oa. Nilimjibu kwamba hayo ni ya kizamani.

Wapima waliondoka, mvua ikanyesha, reli haikuja. Vijiti vikachipua.

Ndipo baba mdogo, mwenye kibanja ng'ambo ya njia, alipokuja na balozi wa nyumba kumi na wazee watatu. Akawaonyesha mstari wa majani mabichi. Upande wenye kahawa na kaburi, alisema, ni wake, na mpaka ndio ule. Nilieleza yote kwa hasira.

"Hao wapima wako wako wapi?" akaniuliza.

Sikuwa na shahidi. Mama aliinamisha kichwa, nami niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, maana shamba alilolima tangu aolewe lilikuwa linamtoka kwa ujuaji wangu.

Mzee mmoja alitangulia. Aliufuata mstari kijiti kwa kijiti, sisi nyuma yake, tukavuka njia hadi kwenye migomba ya baba mdogo. Hapo vijiti vikakoma. Palikuwa na mashimo manne yaliyofuata mstari uleule, vipande vya mizizi vingali ndani.

"Hapa palikuwa na nini?" mzee akauliza.

Baba mdogo aliyachungulia mashimo. Angesema mpaka, angekuwa amekiri kung'oa mpaka, na kwetu hilo halisameheki.

"Vijiti tu vya wapima."

"Vijiti tu, mstari mzima," mzee akarudia, akamtazama balozi.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mama hakumwangalia shemeji yake. Alinikabidhi jembe.

"Nawe kang'oe vyako."

Niliving'oa mbele ya wazee wote, kimoja kimoja. Kile cha kaburini kilikuwa kimeshika hasa. Ilinibidi nipige magoti nichimbe kwa mikono, na mizizi yake ilikuwa imeshashuka kwa baba.