Kengele iliyojazwa nyasi

Leo wimbo wangu umemfanya Ayeeyo, nyanya yangu, ajifiche ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mnajua muziki wangu. Chochote kinacholia nakitilia biti: sufuria, pampu ya kisima, hata mbuzi.

Safari hii nilichukua kengele yake ya mbao, ile ya kuvisha ngamia shingoni. Ilikuwa imening'inia ukutani, imejaa nyasi kavu.

Nyasi nikazitupa. Si ni uchafu tu?

Mchana nikamwita asikie. Kong, kong, kong!

Nilisubiri acheke.

Akainama chini ya dirisha, akanivuta mkono. "Ziba! Wallahi askari watasikia!"

Kumbe wakati wa vita vya Shifta, miaka ya sitini kaskazini mashariki mwa Kenya, akiwa msichana kule Kotile, walijaza kengele nyasi ili ngamia wapite kimya. Siku moja nyasi za kengele hii hii zilidondoka njiani, ikalia. Kaka yake aliyekuwa akiwachunga hakurudi.

Nimemwomba msamaha. Akasema, "Hapana neno, mwanangu."

Kisha akatoka uani, akang'oa nyasi, akaijaza kengele tena. Akaitikisa sikioni mpaka akaridhika.

Nyinyi mnaoniuliza wimbo unatoka lini, mngekuwa mimi mngeutoa?

Mimi hata simu nimeiweka kimya.