Ubao Nilioutoa Mimi

Mimi ni nyapara wa ujenzi, na nyapara asiye na mdomo hana kazi. Mtu akichanganya zege jepesi namuuliza kama anapikia wagonjwa uji. Kwa hiyo ukiniona nasema polepole leo, usidhani ndiyo tabia yangu. Ni aibu tu. Ninayo tangu siku shemeji yangu alipoanguka.

Huyu shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu, fundi wa plasta. Saiti nzima tulimwita Pimamaji, jina la kile kifaa cha kupimia usawa, kwa sababu jicho lake lilikuwa linauona ukuta ulioinama kabla hujakitoa kifaa chenyewe kwenye mfuko wa zana. Na kusema uongo hajui. Ukimuuliza kama amechoka, atakwambia amechoka, hata bosi akiwa amesimama hapo hapo.

Sasa, kwenye ujenzi kuna mchezo tunaouita kuazima. Mbao hazitoshi hata siku moja. Ukitaka kufunga boksi la kumwagia zege la nguzo, unachomoa ubao kwenye jukwaa la mafundi, na zege likishika unaurudisha. Manyapara wote tunafanya. Sharti ni moja tu: pale ulipochomoa unafunga mti wa kukatisha, mtu asipite. Siku ile nilichomoa ubao ghorofa ya pili, mara nikasikia dereva wa lori la kokoto anamwaga mzigo pasipo pake. Nikashuka mbio kwenda kumfokea. Mti sikufunga. Pumbavu zangu!

Pimamaji akapanda na ndoo yake. Ana desturi ya kurudi nyuma hatua mbili kuutazama ukuta aliomaliza. Nilisikia kishindo huku bado nabishana na dereva.

Tulimpakia kwenye pikapu. Njiani bosi akanipigia simu. Vibarua wake hakuwa amewaandikisha popote, na ikijulikana mtu kaumia, saiti itafungwa. "Mwambie shemeji yako aseme kaanguka nyumbani," akasema. "Matibabu niachie mimi."

Nikamwinamia pale alipolala. "Shemeji, ukiulizwa sema ulipanda paani kuziba bati."

Alinitazama, jasho linamtiririka. "Sawa, shemeji."

Na kweli, nesi alipomuuliza, mtu yule asiyejua uongo akasema vile vile nilivyomfundisha. Nesi akaandika. Nilijidanganya kwamba nimeokoa kibarua cha watu sitini. Sitini wapi! Nilifurahi kwa kuwa hakuna atakayeuliza habari za ubao.

Mwezi wa kwanza bosi alishughulikia hospitali. Wa pili simu yake ikawa haipatikani, na kila akija saiti anatoka kabla sijafungua kinywa. Pimamaji alishafiwa na mkewe, kwa hiyo tulimhamishia kwetu, chumba cha nyuma. Nyonga ilipona. Mkono wa kulia ukakataa.

Mke wangu akampa maneno yake. "Kaka, miaka ishirini juu ya majukwaa, halafu unadondoka kama gunia? Ulikuwa unawaza nini?"

"Niliteleza, mdogo wangu."

Mimi nilikuwa pale mezani, nakula, macho kwenye sahani.

Mwezi wa nne mke wangu alisikia redioni habari za fidia ya walioumia kazini, akaenda ofisi inayohusika. Alirudi anahema. "Kumbe ni haki yake, siyo hisani ya bosi! Hata kibarua wa siku moja anayo. Ila karatasi ya hospitali inasema nyumbani. Wanataka mtu aliyekuwepo akaseme alianguka kazini, na baada ya wiki sita mlango wa madai unafungwa. Si wewe ulikuwepo?"

"Nitaenda," nikasema.

Jumatatu nikasingizia zege. Wiki iliyofuata nikasingizia tumbo. Mara ya tatu nilivaa vizuri, nikafika mpaka kwenye geti la ile ofisi, nikageuka. Nyumbani nikasema afisa hakuwepo. Mke wangu akanipa pole, jamani. Pole!

Siku zikabaki tano. Mchana mmoja nilirudi mapema, nikamkuta Pimamaji uani, ameshika mwiko kwa mkono wa kushoto, anajaribu kupiga plasta ukuta wa bafu letu. Plasta ilikuwa na mabonde hata mwanafunzi angeona haya. Aliposikia hatua zangu akajisogeza kuukinga ukuta kwa mgongo, akacheka kidogo. "Shemeji, usimwonyeshe mtu."

Kesho yake nikaenda.

Afisa alikuwa mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole. Nilianza kubabaika. "Mama, kosa... hilo kosa..."

Akainua mkono. "Baba, hapa hatuulizi kosa la nani. Alikuwa kazini, au hakuwa kazini?"

"Alikuwa kazini."

"Basi. Hata kama aliteleza mwenyewe, fidia yake iko pale pale." Akanisogezea karatasi. "Mngekuja mapema tungempeleka kwa daktari wa mifupa kabla mkono haujakauka. Weka sahihi hapa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Miezi mitano nimeficha kitu ambacho hakuna mtu alikuwa anakitafuta!

Madai yalikubaliwa. Bosi alipopata habari akanifukuza siku hiyo hiyo, na wala sikuumia. Lakini daktari aliukunja ule mkono, akaunyoosha, akasema mfupa umeshaungana vibaya. Utashika kikombe. Mwiko, hapana.

Ningeweza kunyamaza. Mambo yalishanyooka, na jioni ile mke wangu alikuwa ananimwagia sifa mbele ya kaka yake: mume wangu jasiri, kapoteza kazi kwa ajili ya ndugu yangu. Zile sifa zikanishinda.

"Ubao niliutoa mimi," nikasema. "Sikufunga mti. Ndiyo maana alianguka."

Mke wangu hakunigeukia mimi. Alimgeukia kaka yake. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nikusimange miezi yote hii?"

"Ningekwambia," Pimamaji akasema, "ungekaa naye vipi?"

Mke wangu akaanza kulia. Alimwomba kaka yake msamaha, akarudia tena na tena, na mimi nimekaa katikati yao kama mzigo uliosahauliwa. Nilingoja anitukane. Alijifuta uso kwa kanga, akasema tu, "Kuanzia kesho, wewe ndiye utakayemvalisha. Mimi sitaki kusikia umechoka."

Basi kila asubuhi, kabla sijatoka kutafuta kibarua, naingia chumba cha nyuma na shati lake. Mkono wa kulia ukifika usawa wa kifua unagoma, kwa hiyo naupitisha taratibu, halafu nafunga vifungo kimoja kimoja. Yeye anatazama pembeni ili nisione haya. Nikimaliza ananiambia, "Asante, shemeji." Na anaisema kwa dhati kabisa. Laiti angenitukana.