Mvua Itabeba

Mahali pengine radi ikinguruma watu huanua nguo. Kwetu Butembo watu hutoa takataka. Magunia hukaa nyuma ya jikoni wiki nzima yakingoja wingu jeusi, kisha humwagwa mtoni: maganda ya ndizi, pampasi za watoto, chupa za plastiki, matumbo ya mbuzi. Mvua itabeba, wanasema. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni, na sasa linanitia kichefuchefu.

Mama yangu anakaa bondeni, karibu kabisa na mto. Mwaka huu takataka ziliziba chini ya daraja, maji yakakosa njia, yakaingia kwake mchana kweupe. Nilimkuta amesimama juu ya kitanda, rozari mkononi. Wanaosema mavi ya kale hayanuki hawajawahi kusafisha nyumba ile. Ndani ya sufuria ya maharage mlikuwa na pampasi, imevimba kama mkate. Ukuta wa upande wa mto ulipasuka hadi dirishani, na fundi aliyeutazama alisema hautastahimili maji mengine.

Jumapili, baada ya misa, tulikwenda darajani, mama akiwemo, kuomba mafuriko yasirudi. Katekista akasema, «Iyi ni majaribu ya Mungu.» Mungu! Kana kwamba Mungu ndiye anayewavalisha watoto wa mtaa wetu pampasi. Tuliomba, tukaimba, watu wakanywa maji yao ya sashe, na vifuko vitupu vikadondoka mtoni amina ikiwa bado mdomoni.

Ndipo radi ikanguruma. Watu wakatawanyika mbio, nami nilijua wanakimbilia nini. Nilimfuata mama ili nimsaidie kupandisha godoro. Nikamkuta anatoka na gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Ndani mlikuwa na matope na uchafu wote tulioukwangua nyumbani mwake.

«Mama, na weye tena?»

«Sasa nitatia wapi? Hapa poubelle ya taka hapana. Mvua itabeba.»

«Itapeleka wapi?»

«Kule chini, kwa watu benzetu.»

Alimwaga, akalikung'uta gunia vizuri, akalikunja kwa matumizi mengine. Kisha tukaingia ndani, tukaketi tukiutazama ule ufa ukutani, na nje maji yakaanza kupanda.