Viti Vinne vya Ngozi ya Kahawia

Viwanja vidogo vya ndege hufanana kokote uendako. Pana banda la bati lenye mlango usiofungika vizuri, soksi ya upepo iliyopauka, meza ya chai, na watu wanne watano ambao kila wakisikia mlio hutazama juu, hata wakiwa katikati ya sentensi. Mwanamke tunayemsimulia aliingia uwanja wa namna hiyo kwa mara ya kwanza akiwa na cherehani ndani ya toroli. Hakwenda kuruka. Alikwenda kushona viti.

Hiyo ndiyo kazi yake mpaka leo: viti vya mabasi, viti vya saluni, viti vya kliniki ya meno ambako watu hukwaruza mikono ya kiti kwa hofu. Pale uwanjani wakamwita Mama Sindano, jina likamganda. Siku ile ya kwanza alibandika sponji, akapaka gundi, akaketi kungoja ikauke. Na ukiketi kwenye kiti cha ndege kungoja gundi ikauke, huna pa kutazama ila mbele. Mbele yake palikuwa na usukani, saa za duara za vipimo, kioo, halafu anga lote. Gundi ilikauka zamani naye bado ameketi.

Ilimchukua miaka mitano kupata leseni, somo moja leo, jingine baada ya miezi miwili, kadiri viti vya watu vilivyochakaa na kumletea ada. Siku alipoileta nyumbani, aliiweka mezani, kati ya kikombe cha mumewe na rundo la mitihani aliyokuwa akisahihisha. Mumewe ni mwalimu wa hesabu, mtu mpole, mwoga wa kwenda juu kupita kiasi. Aliisoma leseni mbele na nyuma kama anayetafuta kosa.

"Kwa hiyo sasa wewe ni rubani kamili."

"Kamili, mwalimu. Mpaka muhuri umegongwa."

"Mke wangu, unajua mimi hata ngazi ya kubadilishia taa inanishinda."

"Nitaachaje kujua? Taa si nabadilisha mimi?"

Mwalimu akacheka, akavua miwani, akaifuta kwa shati. Halafu akasema jambo ambalo mkewe hakulitarajia. "Nitapanda. Mara moja. Nikishuka nikiwa bado nakupenda, tutaongea habari ya mara ya pili."

Ahadi hiyo haikuwa ndogo. Binti yao alikuwa ameolewa ng'ambo ya kinamasi kikubwa ambacho barabara hukizunguka siku nzima, kwa makorongo na vumbi, na mgongo wa mwalimu ulikwisha kusema basi. Mjukuu wao alikuwa na miezi mitano, nao walimjua kwa picha za simu tu. Kwa ndege hata ya polepole, kinamasi kile hukatwa kwa chini ya saa mbili. Kwa hiyo Mama Sindano alihitaji ndege, na aliihitaji iwe ile ambayo mwoga akipanda mara moja, hatashuka akaapa kutopanda tena. Nafasi ilikuwa moja tu.

Mwezi huo ndege mbili zilikuwa zinauzwa karibu, bei zao zimekaribiana, na akiba yake ilifika hapo hapo.

Ya kwanza ilikuwa bandani pale pale, imeletwa na dalali kutoka uwanja wa mbali. Viti vinne, mbawa za chini, magurudumu yanayojikunja tumboni ikisharuka, nyeupe na mstari wa buluu. Mama Sindano alipofungua mlango moyo ulimruka. Viti vile ni vyake! Alivishona miaka minane nyuma kwa ngozi ya kahawia, mshono maradufu pembeni, na chini ya kila kiti fundo la uzi wa kijani ambalo ndilo sahihi yake. Katika maisha yake yote hajashona vizuri kuliko hapo. Akapitisha kidole kwenye mshono. Hakuna uzi hata mmoja uliolegea.

"Dada yangu," dalali alisema, mtu wa viatu vinavyong'aa, "ndege hii ni bibi harusi. Haijalowa hata umande. Imelala bandani siku zote."

"Naiona ilivyotunzwa."

"Na kuna mtu anakuja Jumamosi kuitazama. Mimi simfukuzi mtu, lakini na mimi nimekupenda bure."

Ya pili ilikuwa shambani kwa daktari wa mifugo mstaafu. Alikwenda kuitazama kwa adabu tu, kama mtu anayekwenda kusalimia ilhali chakula ameshakula kwingine. Mzee alimpokea mlangoni mwa banda, amevaa miwani minene.

"Karibu, mama. Umekuja kuposa au kutazama tu?"

"Nimekuja kutazama, Daktari."

"Wote husema hivyo."

Ilikuwa ndege ya viti viwili, mbawa juu, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, na ndani ilinuka dawa ya kupe. Daktari aliirusha miaka ishirini na sita, akienda kuchanja ng'ombe kwenye mashamba yasiyo na barabara. Viti vilikuwa aibu. Turubai la kijani, limeshonwa kwa uzi wa nailoni, mshono umepinda kama njia ya mlevi.

"Nani amekushonea hivi?"

"Mimi mwenyewe. Sindano ile ile ya kushonea ng'ombe."

Mama Sindano alicheka mpaka akashika ubawa. Mzee akamletea madaftari ya ndege, matano, yamefungwa kwa kamba ya kiatu. Kila safari imeandikwa, kila mafuta yaliyobadilishwa, kila parafujo. Ukurasa mmoja ulisema: *Leo nimetua vibaya. Gurudumu la kushoto likaguliwe. Kosa ni langu.* Akauliza kwa nini anauza, na mzee akagusa miwani yake.

"Macho. Wamenikatalia kwenye vipimo vya afya, na wana haki. Nikiitazama njia ya kurukia naona mbili, na sijui nitue kwenye ipi."

Alirudi mjini akiwa amempenda mzee lakini moyo wake umebaki kwenye ngozi ya kahawia. Kesho yake alimtafuta fundi mitambo wa uwanja. Huyu ni mtu mfupi, mkali wa maneno, ambaye kwa miaka yote huketi kwenye stuli iliyochanika na kukataa ishonwe. Wao wawili huitana Fundi, na mtu mgeni akiwasikia hudhani wanabishana na mwangwi.

"Fundi."

"Naam, Fundi."

"Naichukua ile ya viti vinne. Nikagulie haraka, nimalizane na dalali kabla ya Jumamosi."

Fundi mitambo hakuinuka. "Umeipendea nini?"

"Ina kasi. Ina nafasi. Hata binti na mtoto wataenea."

"Wewe una saa ngapi za kuruka?"

"Sitini na nane."

"Na magurudumu ya kukunjwa umeyakunja mara ngapi?"

"Bado hata mara moja."

"Siku utakayosahau kuyakunjua, utatua kwa tumbo, na mwalimu wako yuko pembeni. Hilo moja. La pili, niambie ukweli wa fundi kwa fundi. Ulipofungua mlango ulitazama nini kwanza?"

"Viti."

"Halafu?"

"Viti."

"Ehe. Wewe hununui ndege, Fundi. Unanunua mshono wako."

Neno lile lilimchoma. Akaenda kuosha vikombe vya chai ambavyo havikuwa vyake. Miaka yote ile alikuwa akiwacheka wateja wanaonunua basi kwa sababu ya rangi. Aliporudi, fundi mitambo alikuwa ameshachukua tochi na kioo chake kidogo chenye mpini.

"Lazima nione chini ya sakafu. Viti vitoke. Nitoe mimi au utoe mwenyewe?"

"Viti vyangu uvivute kama magunia? Toka hapo."

Akavitoa mwenyewe, dalali amesimama mlangoni akitazama saa. Kiti cha kwanza alipokiinua, mikono yake ilijua kabla ya kichwa. Kilikuwa kizito. Sponji aliyokata yeye miaka minane nyuma ilikuwa nyepesi kama mkate mpya, maana aliichagua makusudi ili asiiongezee ndege uzito. Akakishusha chini, akakibonyeza. Sponji ikakwaruza ndani, kama kuna mchanga.

"Dalali," alisema polepole, "naomba ruhusa nifumue mshono mmoja. Nitaurudisha mwenyewe, hutaona tofauti."

"Fumua, dada. Ndege haina siri."

Akakipindua kiti. Fundo la kijani lilikuwa pale pale. Alilitazama kidogo, halafu akalikata. Mshono maradufu uliomchukua siku nzima ukafunguka kwa dakika mbili, ngozi ikainuka, na ndani, kwenye sponji, palikuwa na mstari wa rangi ya udongo, vidole viwili kutoka chini, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Chini ya mstari, tope kavu. Akafumua cha pili. Mstari ule ule, kimo kile kile. Cha tatu na cha nne hakuvigusa. Dirisha likivuja hulowesha kiti kimoja, upande mmoja. Mstari sawa kwenye viti tofauti maana yake ni kwamba ndege ilisimama ndani ya maji.

Fundi mitambo alikuwa amelala kifudifudi, tochi mdomoni. Aliitoa. "Njoo uone, Fundi." Kwenye kioo, chini ya sakafu, bati lilikuwa limechanua unga mweupe kama chokaa. Kutu ya bati la ndege si nyekundu. Hula kimya kimya, na inaweza kula muda mrefu rubani asijue, mpaka siku ambayo kujua hakumsaidii.

Dalali alitoka nje kupiga simu. Walimwona kupitia mlango usiofungika, akizunguka, mkono kiunoni. Aliporudi, viatu vyake vilikuwa na vumbi na uso wake haukuwa wa biashara.

"Banda la kule lilifurika, miaka miwili iliyopita. Viti vikaoshwa, vikapakwa mafuta. Mwenye ndege hakuniambia. Wallahi, dada, hakuniambia."

"Nakuamini," Mama Sindano alisema, na kweli alimwamini. Dalali akampigia mtu wa Jumamosi papo hapo, akamwambia asije.

Alirudishia mishono yote miwili kama alivyoahidi, ila fundo la kijani hakuliweka tena. Kisha akakaa sakafuni, mgongo kwenye gurudumu. Fundi mitambo akamletea chai.

"Ungeweza kukaa kimya," Mama Sindano alimwambia. "Nilikuja nimeshaamua."

"Ningekaa kimya, nani angenishonea stuli?"

"Stuli yenyewe si umekataa!"

"Nilikuwa nangoja nifanye jambo la kustahili."

Wiki iliyofuata aliinunua ndege ya rangi ya chai. Juu ya mkataba Daktari aliongeza sharti moja kwa mdomo: mara moja kwa mwezi apandishwe, akae kiti cha kulia, asiguse kitu. Mzee hushika ahadi yake. Huketi amefumba macho akisikiliza injini, na kila mara husema, "Mzima huyu," kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaambia nayo wenye ng'ombe. Stuli ya fundi mitambo imevikwa ngozi ya kahawia, kipande kilichosalia miaka minane juu ya kabati, na chini yake lipo fundo la kijani. Viti vya turubai navyo vimeshonwa upya, ingawa Daktari alinung'unika kwamba ndege imeharibiwa.

Siku ya ahadi ilifika Jumamosi moja asubuhi, upepo umetulia. Mwalimu alivaa shati la kwendea mikutano ya wazazi. Akafunga mkanda kwa mikono ya mkewe, kwa kuwa yake mwenyewe ilikataa. Ndege ile si ya haraka wala si ya ghafla. Ilikimbia kidogo, ikaiacha ardhi kana kwamba haikutaka kuisumbua. Kwa nusu saa mwalimu alitazama magoti yake akihesabu kwa sauti ndogo namba zinazogawanyika kwa moja na zenyewe tu. Alifika mia sita na kitu. Halafu akageukia dirisha. Mbawa zikiwa juu, hakuna cha kumzuia mtu kuona chini, na chini kinamasi kilikuwa kimefunguka chote, mifereji inayong'aa, ndege weupe wakipeperuka chini yao.

"Kumbe ndiyo hii," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Uliyokuwa unaitazama, ukirudi nyumbani na gundi kwenye nywele."

Mama Sindano alirekebisha usukani ambao haukuhitaji kurekebishwa, akawashukuru moyoni mmoja mmoja: mzee wa macho mabovu, mtu wa stuli, hata yule dalali aliyekubali mshono ufumuliwe.

Binti alikuwa ukingoni mwa uwanja, kanga ikipepea, mtoto begani. Walikaa mpaka Jumapili mchana. Mwalimu alimbeba mjukuu muda mrefu hivi kwamba ilibidi aombwe amrudishe. Mara ya pili haikuzungumzwa, na mkewe hakuiuliza. Basi la kuzunguka kinamasi lilikuwapo, huondoka saa nane, na yeye alijua kwamba mumewe anaijua saa hiyo.

Saa saba na nusu alikwenda uwanjani peke yake kukagua ndege kama alivyofundishwa: mafuta, propela, magurudumu, ubawa mmoja, mkia, ubawa wa pili. Alipomaliza kuzunguka na kufika mlango wa kulia, mwalimu alikuwa ndani, begi miguuni, mkanda ameufunga mwenyewe, ingawa umejipinda mara moja.

"Rubani," alisema, "abiria amekaa kitambo. Tunaondoka au tunangoja gundi ikauke?"