Udongo wa Ujerumani kwa Kaburi la Esther

Nilimwonyesha mama wa watu kaburi ambalo si la babake, nikijua si la babake, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na chai yangu ilikuwa bado moto. Nimeanza na hilo ili msije mkanihurumia huko mbele.

Wanaonijua hapa Mogogosiek wanajua mimi si mtu wa kutoka, nikifika kwa lango nimesafiri. Lakini Kiingereza cha fomu foo ninacho, na ndiyo maana pasta alinipa ile bahasha ya Bi Greta kutoka Amerika, wa familia ya Brenkholt. Ndani kulikuwa na karatasi kubwa kama shuka, ukoo wao wote umechorwa: juu kabisa mwokaji mikate aliyetoka Ujerumani na mfuko mmoja wa nguo, chini yake wanawe waliojenga viwanda vya unga, chini yao majaji na maseneta na wajukuu, nikaitandaza kitandani ikashuka mpaka sakafuni. (Mimi wa kwetu naishia kwa babu, ukinisukuma zaidi naanza kubahatisha.)

Kila mtu alikuwa ameandikiwa mahali alipozikwa, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa Otto, babake Greta, fundi wa mitambo aliyekuja kufanya kazi kwa kiwanda cha majani chai huku kwetu, akafa wakati binti yake ana miaka miwili. Sasa Greta ana themanini na moja. Aliomba kitu kimoja tu, mtu aende makaburi ya zamani ya Wazungu ng'ambo ya mto, atafute jiwe la babake, alipige picha. Pasta akaniambia kuna mzee anayefyeka nyasi kule, anajua kila kaburi kwa kichwa, nimuulize yeye.

Siku ya kwanza mvua. Siku ya pili mvua (huku kwetu inanyesha karibu kila jioni, kwa hivyo hiyo si sababu, ni tabia). Siku ya tatu nikaangalia dirishani, nikaona kaburi la Esther, mke wa jirani yangu Mzee Kirui. Jiwe lake limechongwa herufi mbili, O na B, kama za Otto Brenkholt. Mzee alilitoa kwa nyumba moja ya Mzungu iliyoanguka, lilikuwa kizingiti cha mlango, akalisimamisha hapo kwa sababu hakuwa na jiwe lingine zuri la kumwekea mkewe. Haya yote nayajua, mazishi hayo nilikula wali sahani mbili. Nikapiga picha nikiwa upande wangu wa ua, bila hata kuvaa gambuti, nikaituma.

Nilidhani wataibandika kwa karatasi ya ukoo, pale kwa Otto, na mambo yaishe. Wakajibu kwamba wanakuja.

Baada ya miezi mitatu gari likasimama kwangu. Greta alikuwa kwa kiti cha magurudumu, na mpwa wake, ambaye ndiye alichora ile karatasi ya ukoo, alikuwa akimsukuma. Nilichagua saa ambayo Mzee Kirui huwa amepeleka majani chai kituo cha kununulia, nikawapeleka mpaka kaburini. Greta akaomba ashushwe, akapiga magoti kwenye tope, akatoa kopo dogo la udongo wa kijiji cha yule mwokaji mikate, akaumimina wote, akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Baba," akasema, "nimechelewa, lakini nimekuja."

Mimi nilikuwa nimemshikia mwavuli. Macho yangu yalikuwa barabarani, mwavuli ukainama, maji yakamwingia shingoni.

Hapo ndipo Mzee Kirui akatokea na kikapu chake kitupu mgongoni.

"Wewe Wesley, huyu mama analilia Esther kwa nini? Walijuana wapi?"

Mpwa akataka kujua mzee amesema nini. (Hata hapo bado ningesema ukweli.)

"Anawakaribisha chai," nikasema.

Mpwa akafurahi, akamshika mzee kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kumtunza Otto miaka hii yote. Sasa, Mzee Kirui alifanya kazi kiwandani mpaka akastaafu, na Kiingereza chake ni kidogo lakini kilitosha. Akamwambia polepole kwamba aliyelala hapo ni mke wake.

Hakuna aliyenipigia kelele. Ningefurahi kama wangepiga. Greta aliniangalia mara moja, kisha akaanza kuzoa udongo wake kwa vidole, aurudishe koponi. Wake ulikuwa wa kijivu, wetu ni mwekundu, na mvua ilikuwa imeshauchanganya. Akazoa, akaangalia kiganja, akazoa tena, mpaka Mzee Kirui akatua kikapu, akapiga magoti kando yake, akamsaidia. Hata yeye hakuweza kuutenganisha.

Kesho yake nikaenda ng'ambo ya mto. Ni mwendo wa dakika arobaini tu. Kule nyasi zimefika kiunoni, misalaba imelala kifudifudi, mawe mengi hayasomeki. Nikamuuliza mama aliyekuwa anachuma chai karibu, yule mzee anayefyeka yuko wapi.

"Tulimzika mwezi uliopita," akasema.

Bahasha ilipofika alikuwa hai, anafyeka.

Greta alirudi kwao bila kujua babake amelala wapi, na mpwa wake alibandua ile picha kwenye karatasi yao ya ukoo kwa kucha, mbele yangu. Siku hizi nikitumwa naenda, hata mvua iwe ya mawe, ila sasa hakuna anayenituma. Mwishowe nilimpelekea Mzee Kirui kilo mbili za sukari, nikaomba msamaha. Akanimiminia chai, akaningoja nimalize kikombe.

"Sukari nimepokea," akasema. "Lakini siku nikikufa, Wesley, wewe kaa tu kwako. Usionyeshe mtu mahali nimelala."