Mama Alipokwenda Kuona Samaki

Daktari alisema macho ya Mama hayatapona, kwa hiyo anachotaka kuona akione mapema. Mama akasema anataka kuona samaki wa mtoni. Nje kidogo ya mji wa Kakamega pamefunguliwa nyumba kubwa ya samaki, mto mzima umetiwa ndani ya vioo, nami nikaona hilo ni jepesi. Jepesi! Nilisahau kwamba mwenye gari ni mume wangu.

Kwetu, mama na mkwewe wa kiume hawapeani mkono, hawaketi pamoja, wala hawatazamani usoni. Heshima si utumwa, husema watu. Siku ile ilikuwa utumwa, na mtumwa nilikuwa mimi. Tulipita Khayega gari likiwa na viti vitupu, na Mama, asiyeona hata shimo barabarani, akatufuata nyuma kwa bodaboda akimeza vumbi letu.

Mle ndani ndipo nilipochoka kabisa. Njia ilikuwa nyembamba, tena yenye giza. Mume wangu akisogea, Mama anageukia ukuta. Mama akisogea, mume wangu anarudi kinyumenyume na kukanyaga watu.

"Mwambie atangulie," alisema Mama.

"Mwambie Mama asisumbuke, mimi nitazunguka," alijibu mume wangu, akiwa karibu naye kabisa.

"Kwani hamsikizani?" nikafoka. "Mimi ni simu?"

Akazunguka. Nikamshika Mama mkono hadi kwenye kioo cha kamongo, yule samaki mrefu anayejificha topeni.

"Huyo hapo chini, Mama. Tazama."

Mama alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo, akatulia. Nikashusha pumzi, hatimaye. Kisha nikaona kwamba hatazami chini. Ng'ambo ya maji, upande wa pili wa kioo, mume wangu alikuwa ameinama kumtafuta kamongo huyohuyo, taa ikimmulika usoni, hana habari.

"Mama! Samaki yuko chini! Tumesumbuka kutwa nzima kwa ajili ya samaki!"

"Samaki mimi najuanga tangu utoto," alisema, uso ukiwa bado kiooni. "Huyu amekaa na mtoto wangu miaka yote hii na sijui sura yake. Nyamaza, mama, nimwangalie."