Barakuda wa Bungulu

Sisi tuliokulia Bungulu, hapa Beni, wakati wa vita, tulijua kumvua barakuda bila kuiona bahari hata siku moja. Aliyetufundisha ni baba yangu. Serikali ilimtuma kuwa mwalimu huku kutoka Moanda, kule Kongo inakogusa bahari. Vita vilipoigawa nchi, yeye akabaki upande wetu na mama yake upande ule.

Jioni, harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikitoka jikoni, alituita uani. Mtoto mmoja alifungwa kamba kiunoni: huyo ndiye samaki. Mwingine alishika ncha ya pili: huyo mvuvi. Niwaeleze vizuri, maana si rahisi. Barakuda hufukuza kitu kinachong'aa na kukimbia, kwa hiyo tulifunga kijiko kwenye uzi tukakivuta mbio juu ya vumbi. Samaki akishakidaka, alitimua hadi kwenye migomba, na mvuvi alipaswa kumwachia kamba kidogo kidogo. Wengi tulivuta kwa pupa, tukaburutwa kifudifudi.

"Acha akimbie kwanza," baba alisema. "Atachoka. Ukilazimisha, kamba inakatika."

"Papa Mwalimu," aliuliza Kambale, mtoto wa jirani, "na kiboko iko mule mu bahari?"

"Kiboko iko kwenu tu. Kimbia."

Aliniahidi kwamba vita vikiisha tutapanda ndege uwanja wa Mavivi, nikamwone bibi, nimvue barakuda wa kweli. Kila ndege ilipopita, hata ya wanajeshi, aliinua kichwa.

Kisha mfanyabiashara mmoja aliyetoka upande ule kwa kuzungukia Uganda akaleta barua. Bibi alikuwa ameshazikwa mwaka mzima kabla. Jioni ile tulimngoja baba uani, samaki keshafungwa kamba. Akatoka, akamfungua Kambale bila kututazama.

"Muende kwenu, batoto. Mchezo hapana tena."

Amani ilipotangazwa, hakuuliza habari za ndege. Alipofariki, tulimzika hapahapa Beni.

Watoto wa leo humtazama barakuda kwenye simu, wakachoka wao kabla samaki hajachoka. Sisi tulimjua kwa magoti yaliyochubuka. Ndege za abiria sasa zinaruka Mavivi, na nauli ningeitafuta. Lakini Moanda hakuna tena mtu wa kuniuliza mimi ni mtoto wa nani.